Gemu imekamilika, nani ataiona?

Nafurahi kila nikiwaona vijana wa Unguja na Pemba wakijifunza kutengeneza gemu za simu. Ila kuna jambo halisemwi vya kutosha, si skuli wala barazani: kazi nzito huanza gemu ikishakamilika. Apple ilipofungua duka lake la programu Julai 2008, zilikuwamo programu kama 500 tu. Leo, ukijumlisha na duka la Google, ni mamilioni, na ya kwako inazama humo humo.

Ndiyo maana napenda kuwasimulia habari za Chartboost, kampuni ya matangazo ya gemu za simu. Waliianzisha Maria Alegre na Sean Fannan mjini San Francisco mwaka 2011, baada ya kufanya kazi kwenye kampuni ya gemu, Tapulous. Wazo lao halikuwa kutengeneza gemu nyengine. Walitaka watengenezaji watangaziane wenyewe kwa wenyewe na wapatane bei bila ya dalali kukaa katikati, kama mvuvi anayemuuzia mpishi samaki wake pwani kabla hawajafika mnadani. Mwaka 2013 wakapata mtaji wa dola milioni 19 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Sequoia. Mwaka 2021 kampuni ya gemu ya Zynga ikatangaza kuinunua kwa takriban dola milioni 250. Fedha zote hizo zililipiwa njia ya kumfikia mchezaji.

Mtazame mtoto anapocheza. Roho zimemwishia, simu inamwambia atazame tangazo apate nyengine. Anabonyeza. Zinapita sekunde 30 za gemu asiyoijua, alama ya kufungia haijatokea, kidole kishatangulia pembeni mwa kioo kinaisubiri. Hapo mwenye tangazo analipa, mwenye gemu anapata fungu lake, kampuni ya matangazo inachukua lake. Bando linalokatika ni la mama yake mtoto, na hilo linaniuma. Nawaomba watengenezaji wetu watumie matangazo ya picha badala ya video, kwani picha hula data kidogo sana.

Na wasikimbilie kuuza kila nafasi ya tangazo kwa kampuni kubwa. Mtangazaji hulipa kwa kuangalia mtazamaji yuko nchi gani, na mtazamaji wa Tanzania hulipiwa kidogo kuliko wa Marekani. Kwa hiyo kijana mwenye gemu ya keram akimwachia mwenzake wa Wete mwenye gemu ya dhumna nafasi moja mchezo unapomalizika, anachopoteza ni senti chache. Anachopata, mwenzake akimrudishia, ni mchezaji anayeijua keram tangu utotoni, ambaye hahitaji kufundishwa chochote na huenda akabaki.

Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wanaweza kulianza hili muhula huu: orodha ya gemu za hapa, picha moja kwa kila gemu, na kiungo cha kupakulia.