Mji mdogo upanuke au ujazwe? Barabara zitangulie

Mwaka 1811 New York ulikuwa mji wa watu wasiofika 100,000, wengi wao wakiishi kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Makamishna waliopewa kazi ya kuupanga mji wakachora barabara hadi Mtaa wa 155, mbali sana na nyumba ya mwisho, juu ya mashamba na miamba. Sehemu kubwa ya mchoro ule ndiyo mitaa ya leo. Walichobania ni maeneo ya wazi. Miaka ya 1850 mji ulilazimika kutwaa ardhi ya Central Park na kuwahamisha watu wapatao 1,600, wakiwemo wakazi weusi wa Seneca Village waliokuwa wakimiliki viwanja vyao.

Naanza na habari hiyo kwa sababu mjadala wa makazi katika miji midogo hukwama kwenye swali moja: mji utanuke kuelekea mashambani, au ujazwe ndani kwa ghorofa na viwanja vidogo? Swali hilo lina uzito, lakini si la kwanza.

Wanaotetea kutanuka wana hoja ya kweli. Ardhi ya pembezoni ni nafuu, na familia nyingi zinataka nyumba yenye uwanja wake. Ukiufunga mji kwa mpaka mkali, bei hupanda ndani na ujenzi huruka upande wa pili, mahali ambapo halmashauri haina mamlaka. Oregon, Marekani, ilipitisha sheria ya mipaka ya ukuaji wa miji mwaka 1973, na mpaka wa eneo la Portland ukakubaliwa mwaka 1979. Lakini mpaka huo husogezwa: sheria inataka iwepo ardhi ya kutosha makazi ya miaka 20 ijayo. Wanaousifu kama ukuta wa kulinda mashamba husahau sehemu hiyo, na wanaoulaumu husahau vilevile.

Wanaotetea kujaza wana hesabu ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Chukua barabara ya kilomita moja yenye viwanja pande zote mbili. Viwanja vikiwa na upana wa meta 30, nyumba ni kama 66. Vikiwa na meta 10, ni 200. Bomba la maji ni lilelile, lami ni ileile, taa ni zilezile. Mji mdogo hulipia matengenezo hayo kwa kodi ya wachache, na gharama kubwa huja baada ya miaka 20 au 30, mabomba yanapochakaa wakati madiwani waliopitisha mradi wameshaondoka.

Hata hivyo, wakazi wa zamani wanaopinga ghorofa wasiitwe wabinafsi kwa haraka. Mfumo wa majitaka uliojengwa kwa nyumba moja kila kiwanja haubebi nyumba nne bila kupanuliwa. Maji ya mvua yaliyokuwa yakinywewa na bustani yatakimbilia kwa jirani. Halmashauri inayoruhusu ujenzi huo bila kugusa mitaro inawapa sababu ya kukataa.

Ruhusa nayo ina uzito wake. Auckland, New Zealand, ilipolegeza masharti ya ujenzi mwaka 2016 katika takriban robo tatu ya ardhi yake ya makazi, vibali vya ujenzi viliongezeka sana. Nyumba zilikuwa zimezuiwa na kanuni.

Kwa maoni yangu, mji mdogo ujazwe kwanza, lakini hifadhi za barabara kuu, njia za maji na maeneo ya shule vitengwe mapema hadi mbali, hata kama hakuna atakayejenga huko kwa miaka 15. Nyumba ya chini inaweza kuongezewa ghorofa. Barabara iliyobanwa na nyumba haipanuliwi bila kubomoa na kulipa fidia. Makadirio ya idadi ya watu katika mji mdogo huyumba, kwani kiwanda kimoja kikifungwa hesabu yote hubadilika. Hifadhi ikikaa wazi, hasara yake ni ndogo kuliko ile ya kubomoa.

Linabaki suala la nani atoe ardhi hiyo. Njia mojawapo ni kupanga upya viwanja kwa pamoja. Frankfurt, Ujerumani, ilipata sheria ya jambo hilo mwaka 1902, na Japani imeitumia sana njia hiyohiyo: wamiliki wa eneo moja huchangia sehemu ya ardhi, barabara huchorwa, kisha kila mmoja hurudishiwa kiwanja kidogo zaidi chenye huduma na thamani kubwa zaidi. Ni utaratibu wa haki kuliko kumwachia faida yote mwenye shamba ambaye ardhi yake imepanda bei kwa uamuzi wa madiwani. Lakini humuumiza mwenye kipande kidogo, ambacho kikikatwa hakitoshi tena nyumba, na mpangaji hamo kabisa kwenye hesabu. Kwa hao wawili, halmashauri iandike masharti ya fidia na makazi mbadala kabla ya kukusanya saini za wamiliki wakubwa.