Asili ya wapi?

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu Uyole, hapa Mbeya. MC akatangaza kwa mbwembwe kwamba wanaojali mila zetu, meza ya vyakula vya asili ipo kushoto. Niliinuka wa kwanza.

Mezani nikakuta mahindi ya kuchemsha, kande, mihogo, viazi vitamu, boga, karanga. Vyote, narudia, vyote, asili yake ni Amerika! Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, hapa kwetu hakuna bibi aliyekuwa amewahi kuona gunzi la hindi. Hata maharage ya kwenye kande yamevuka bahari. Cha asili pale kilikuwa chungu.

Nikamsogelea mama aliyekuwa anapakua.

"Shikamoo mama. Ulezi haupo?"

"Marahaba. Ulezi? Huo si wa uji wa watoto, mwanangu. Na wagonjwa."

Hapo ndipo paliponiuma. Ulezi ndio wa Afrika hii hii, umeanzia nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Kwa bibi yangu kule Makete ulezi ndio uliokuwa ugali, ndio pombe, ndio akiba. Ukikauka vizuri unakaa ghalani miaka na wadudu hawaujali. Mahindi je? Sahau dawa uone. Dumuzi, yule mnayemwita skania, atakuachia vumbi. Na yeye katoka Amerika ya Kati, kaonekana kwetu huko Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Kafuata msosi wa kwao.

Na msidhani ghala ni jambo la mchezo. Kwenye vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Waulizeni wazee wa Ungoni na Upangwa.

Haya, nakubali, shingo upande. Ulezi unatesa. Kuna gugu linafanana nao kama pacha, kwa hiyo unapalilia umeinama, unang'oa kwa vidole, ukikosea umeng'oa chakula. Halafu uvune kichwa kimoja kimoja kwa kisu, upure, upepete. Kucha za bibi sijawahi kuziona nzima. Waliohamia mahindi hawakuwa wajinga. Ningekuwa mimi ndiye mpaliliaji, ningehama mapema zaidi.

Ila basi tusidanganyane. Na nyie mnaowasema watoto wa Mwanjelwa kwamba chipsi mayai ni chakula cha kizungu, kiazi cha Umalila asili yake ni milima ya Andes. Mzungu naye aliazima.

Kande nilikula, sahani mbili. Zilikuwa zimeungwa karanga, ningefanyaje?

Mwezi ujao tuna harusi ya shemeji na kamati imenipa kitengo cha chakula. Jana nimenunua debe la ulezi sokoni Soweto. Mama mkwe alipoliona akauliza nani anaumwa.