Figa la Tatu

Asubuhi hii jirani yangu mwenye IST alikuwa anapita kwenda kazini. Akapunguza mwendo, akashusha kioo, akanitazama nilivyolala chali chini ya gari, miguu imetokeza barabarani, akasema, "Pole sana, mzee."

Hata habari za asubuhi hakunipa. Pole! Kama vile kuna turubai limefungwa nje na viti vya kukodi vimepangwa. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba hapa hakuna msiba, hapa kuna matengenezo. Akasema sawa, mzee, Mungu awatie nguvu. Akaondoka.

Sasa naomba tuelewane. Mimi ni mtu mzima, nina miaka 56, naheshimika hapa Nkuhungu, Dodoma, na nina Land Rover 110 niliyoinunua mnadani kwa macho yangu mwenyewe na akili zangu timamu. Mke wangu anaiita Mgonjwa. Nikiingia ndani na mikono yenye oili ananiuliza, "Mgonjwa ameamkaje?" Watoto nao wamedaka. Wa mwisho alimwambia mwalimu kwamba baba hakuja kwenye kikao kwa sababu anauguza.

Kwa nini natengeneza mwenyewe? Mwenye gari haulizi swali hilo. Asiye na gari akamuulize aliyepeleka kitambaa kwa fundi cherehani wiki ya mwisho ya Ramadhani.

Basi, juzi natoka Mvumi, gurudumu la mbele kushoto likaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga. Nikafika nyumbani, nikapiga jeki, nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa. Likacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Beringi hizo. Nikanunua mpya mbili na sili yake, nikaandaa grisi, nikavaa ovaroli. Kazi yenyewe haihitaji shahada. Unavua gurudumu, unatoa kalipa ya breki, unanyoosha ile washa iliyokunjwa kushikilia nati, unafungua nati ya kwanza, unafungua ya pili, habu, yaani kitovu cha gurudumu, inatoka.

Unafungua nati. Na spana gani?

Namba 52. Hamsini na mbili, ndugu zangu! Seti yangu, niliyojivunia mbele ya wageni, inaishia 32. Nikaenda duka la kwanza: mwisho 32. Duka la pili kijana akaniletea spana mbili za 26, akanipangia mezani, akasema, "Mzee, hizi ukizijumlisha unapata hiyo hiyo." Hakuwa anatania. Nilimtazama usoni muda mrefu, hakuwa anatania. Fundi mmoja pale Majengo akanicheka, akasema yeye hiyo spana hajawahi kuishika na Land Rover anafungua kila wiki, kwa tindo na nyundo. Nikaelewa kwa nini nati zangu zimetafunwa kama gunzi.

Ndipo mzee mmoja wa kijiweni akaniambia, "Nenda Ntyuka. Kuna fundi wa zamani, amestaafu. Anayo."

Jana saa nne asubuhi nikapanda bodaboda.

Nikamkuta Mzee amekaa kivulini. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Mbukwenyi." Kwa Wagogo hutaji shida yako kabla ya salamu kuisha, na salamu haziishi. Niliulizwa hali yangu, ya mke wangu, ya watoto, ya ng'ombe ambao sina na ya mvua ambayo haijanyesha. Yote nikajibu njema. Kisha nikasema lililonileta.

"Spana ipo," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. "Iko wapi, Mzee?"

"Iko kazini."

Akanyoosha kidevu kuelekea jikoni. Nikachungulia. Pale motoni palikuwa na mafiga matatu. La kwanza jiwe. La pili jiwe. La tatu, limesimama wima, jeusi kwa masizi, limenyooka kuliko wenzake wote, ni boksi spana namba 52, ile ya umbo la bomba. Juu yake sufuria.

Bibi alikuwa anachochea kuni. Nikamwamkia, nikamwambia, "Bibi, naomba hiyo spana."

"Spana gani?"

"Hiyo hapo, figa la tatu."

"Hilo ni figa," akasema, akaendelea kuchochea.

"Umepika nini, Bibi?"

"Maharage."

"Yana muda gani motoni?"

"Nimeyaweka ulipokuwa unasalimiana."

Nikakaa. Ningefanya nini? Sufuria ikishapanda mafigani hakuna anayechomoa figa, hata uwe nani. Dakika kumi zikapita. Nikajaribu hekima. "Bibi, Dodoma hii yote ni mawe. Mtu akijikwaa, amejikwaa kwenye jiwe. Nikuletee moja zuri?"

"Mawe yanapasuka kwenye moto," akasema. "Lilishanipasukia moja, mboga ikamwagika, wageni wamekaa. Hili halijapasuka tangu namnyonyesha mtoto wangu wa mwisho." Mtoto wa mwisho akatoka ndani kunisalimia. Ana ndevu kunishinda.

Hata hivyo nikapanda mlimani. Nikaleta jiwe la kwanza, Bibi akalizungusha kama anakagua ng'ombe wa mahari, akasema refu. La pili jembamba. La tatu akalitazama sana, akaniuliza, "Hili umelitoa wapi?" Nikasema kule juu, kwenye mti mkubwa. Akasema, "Kule ni makaburini." Nililirudisha mbio, nikaliweka lilipokuwa, nikamwomba radhi mwenyewe, maana sikujua namba 52 ingenifikisha wapi.

Niliporudi Mzee akaanza kunifundisha gari. Akaniambia Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948, na Waingereza waliitengenezea bodi ya alumini kwa sababu vita ilikuwa imewaachia uhaba wa chuma. Ndiyo maana bodi haili kutu, ila chasisi iliyo chini, ya chuma, inaoza kimyakimya huku wewe unapangusa milango. (Hapo nilimeza mate. Chasisi yangu sijaitazama vizuri, na sina mpango.) Akaja kwenye mradi wa karanga wa Kongwa, aliosimuliwa na baba yake: mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo ya kila aina, mpaka vifaru vya vita wakavigeuza matrekta, ardhi ya kule ikikauka inakuwa kama saruji, inavunja majembe, na kufika 1951 mradi wote ukafungwa.

"Nao walikosa spana?" nikauliza.

"Walikosa mvua," akasema Mzee. "Spana walikuwa nazo."

Akanielekeza na namna ya kufunga beringi: kaza nati huku unazungusha gurudumu, zikae vizuri, kisha rudisha robo mzunguko, kisha kaza taratibu. Ukikaza sana zinaungua, ukilegeza sana gurudumu linakuaga barabarani. Hayo nilikuwa nayajua, lakini nikaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, macho yangu yako kwenye sufuria.

Saa nane kasoro maharage yakaiva. Nikasimama. Nikakunja mikono ya shati. Bibi akaipua sufuria, nikainama kulichukua figa, na mbele ya macho yangu akapachika sufuria nyingine ya maji.

Ugali! Nilikuwa nimesahau kwamba maharage hayaliwi peke yake.

Ugali ukapikwa, wa mtama, mzito, wa kukaa siku mbili tumboni. Tukala. Sikatai, ulikuwa mtamu, niliongeza. Tulipomaliza kunawa nikasikia Bibi anamwambia mjukuu alete maji ya kuoga ya Babu, ayabandike.

Hapo ndugu zangu uvumilivu ulinitoka. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mpango mzuri sana, naunga mkono, lakini hivi kweli walishindwa kuanzia kwa huyu bibi wa Ntyuka? Mtungi mmoja tu wa gesi! Ningeubeba mimi mwenyewe kichwani!

Mzee akaniokoa, akasema leo ataoga ya baridi. Bibi akanitaka niache rehani. Nikatoa kitambulisho cha NIDA. Akakigeuza, akakirudisha. "Hiki hakibebi sufuria," akasema. "Saa kumi na mbili nataka figa langu." Spana ilikuwa bado ya moto, nikaifunga kwenye matambara, nikaikumbatia kwenye bodaboda, na tulipofika Area C dereva akageuka kuniuliza kama kuna kitu kinaungua.

Nikafika nyumbani saa kumi na moja kasoro. Nati ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, beringi za zamani zikatoka zikiwa na rangi ya bluu kwa kuungua. Nikapiga grisi mpya, nikaingiza, nikarudisha habu, nikashika spana niikaze, na hapo getini bodaboda akapiga honi. Mjukuu. "Babu, Bibi anasema saa kumi na mbili imefika."

Kwa hiyo mnielewe nikisema asubuhi hii nilikuwa nimelala chali chini ya gari. Sikuwa natengeneza kitu. Nilikuwa namtazama tu Mgonjwa, nati imekazwa kwa vidole.

Si kwamba sina uzoefu. Mkonga, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu ya paa, nilifunga mwenyewe. Mke wangu aliuliza, "Unaogopa kuzama kwenye vumbi?" Nikamweleza kwa utulivu kwamba injini inapumua, na hewa ya juu ya paa ina vumbi kidogo kuliko ya kwenye magurudumu. Bahati mbaya kijana wangu alikuwa anasoma maelekezo kwenye video ya Kirusi na tundu la kwanza tukalitoboa pasipo pake. Sasa panya analitumia. Taa za kwenye keria nazo nilifunga mwenyewe, ukiziwasha honi inalia, lakini usiku watu wananipisha. Springi za kuinua gari sizizungumzii. Mama mkwe alipandia stuli, na kushuka aligoma.

Kiwanda cha Land Rover cha Solihull, Uingereza, kiliacha kutoa gari za aina hii tarehe 29 Januari 2016. Mwezi Julai mwaka huo huo ikatangazwa Serikali inahamia hapa kwetu. Yaani mwaka mmoja tumepoteza Land Rover, tumepata foleni. Chumba nilichokuwa nampangisha mwalimu kwa bei ya mbuzi, leo... basi, hilo silalamikii.

Leo Bibi anapika makande, nimeuliza. Nimeona heri niende na jiwe. Nimelinunua kwa wapiga kokoto, elfu moja, la mviringo, wameniapia halipasuki. Mtu mzima amenunua jiwe, Dodoma. Nikaomba na risiti.

Na huyu wa IST, ngoja nimseme kabla sijaondoka. Mwezi wa tatu korongo lilipojaa mchanga, nani alimvuta? Ni huyu huyu Mgonjwa, kwa kamba yangu mpya ya mita kumi, na mkonga juu, na honi inalia. Kamba hajairudisha mpaka leo. Nimeiona nyuma ya nyumba yake, imefungwa kutoka mwarobaini hadi dirishani. Jana nilimwendea mke wake kuiomba, akaniambia nisubiri kidogo, mashuka hayajakauka.