Jeshi lipi kwa kijana wetu anayetaka uuguzi Marekani?

Kila shule zinapokaribia kufungwa hapa Texas, wazazi wa Kiswahili huanza kunipigia simu. Mtoto ana grini kadi, anamaliza sekondari, anataka kuwa nesi, ada ya chuo haipo, na rikruta, yule anayeandikisha vijana jeshini, ameshakaribishwa nyumbani akanywa chai. Swali ni lilelile: aende Army (jeshi la nchi kavu), Navy (la majini) au Air Force (la anga)?

Wengi huanza kupima kwa pesa za chuo, na hapo ndipo ninapowasimamisha. GI Bill ya baada ya Septemba 11, ile inayowalipia wanajeshi masomo, ni sheria ya taifa, haiulizi umevaa sare gani. Ukitumikia miezi 36 kamili unapata haki yote: miezi 36 ya masomo, ada yote ya mkazi katika chuo cha umma, pesa ya pango, na ya vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Sharti ni kuachishwa kwa heshima; ukitoka kwa utovu wa nidhamu unaweza kuikosa yote. Basi rikruta akikuambia jeshi lake ndilo lenye GI Bill nzuri, jua anakuuzia kitu ambacho jirani yake naye anacho.

Tofauti iko kwenye kazi yenyewe. Marine, jeshi jingine la mapigano lililo karibu na Navy, hawana kazi ya tiba hata moja. Wanaowatibu ni watu wa Navy. Ndiyo maana mzazi anayesikia "Navy" akapata picha ya meli na hospitali safi ni lazima aambiwe ukweli: corpsman, yaani tabibu wa Navy, anaweza kupangiwa wodi, meli, au kikosi cha Marine kinacholala porini. Mkataba utaandika kwamba ni corpsman. Kituo chake kitaamuliwa na mahitaji ya jeshi.

Air Force maisha yao yanasifiwa, na wana chuo chao, Community College of the Air Force, kinachotoa shahada ya awali ya miaka miwili. Ninachokiogopa ni kwamba kijana mara nyingi huombwa kutaja orodha ya kazi kadhaa, au kukubali kundi zima la kazi. Aliyetaka kutibu anaweza kujikuta ghalani akihesabu vipuri.

Mimi naegemea Army, kwa sababu moja: kazi inaandikwa kwenye mkataba kwa namba yake. Hapo soma herufi kwa herufi. 68W ni tabibu wa vitani. Anafundishwa kwa takriban wiki 16 huko Fort Sam Houston, San Antonio, na anatoka na cheti cha EMT, kile cha wahudumu wa ambulansi. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini uraiani cheti hicho ni ngazi ya chini na mshahara wake ni mdogo. 68C masomo yake yanakaribia mwaka mzima, kisha unafanya mtihani wa NCLEX-PN na kupata leseni ya uuguzi wa vitendo, ile ya LPN. Leseni hiyo utaajiriwa nayo hospitalini au kwenye nyumba ya wazee huku GI Bill ikikulipia shahada. Tofauti ya W na C kwenye karatasi ni miaka ya maisha ya mtoto wako.

Wazazi pia huniuliza kwa nini mtoto asiingie moja kwa moja kama nesi kamili. Manesi wenye shahada jeshini ni maofisa, na ofisa wa jeshi la kudumu lazima awe raia. Mwenye grini kadi huanzia chini, anaomba uraia kupitia utumishi wake bila kulipia ada ya maombi, anasoma, ndipo anapanda.

Na tusidanganyane kuhusu hatari. Tabibu wa jeshi huenda majeruhi walipo. Mama akiniuliza kama mwanawe atapelekwa vitani, namjibu kwamba inawezekana, na kwamba akae na mwanawe walizungumze hilo kabla ya kuzungumzia chuo. Mkataba wa kwanza, ukijumlisha na muda wa kuwa askari wa akiba, ni miaka minane.

Siku ya kwenda MEPS, kule wanakopimwa afya na kusaini, kijana ataonyeshwa kazi zilizopo siku hiyo. Huenda 68C haipo, na ataambiwa achukue hii nyingine, atabadilisha baadaye. Mdogo wangu, usisaini. Waambie kwa adabu utarudi nafasi ikifunguka, chukua koti lako, urudi nyumbani. Hata aliyekula kiapo cha kwanza akasubiri safari bado anaweza kujitoa kabla ya siku ya kuondoka, hata rikruta akikasirika namna gani.