Bustani ya Kijapani ni Kazi ya Mikono

Wengi wanaozisifia bustani za Kijapani husema kwamba humo maumbile yameachwa yalivyo, na mimi naona sifa hiyo, ijapokuwa hutolewa kwa nia njema, inawadhulumu watunzaji wake.

Tuchukue bustani ya hekalu la Ryoan-ji, jijini Kyoto. Ni mawe 15 tu yaliyopangwa juu ya changarawe nyeupe, na mtu aketipo barazani, mahali popote atakapochagua, walau jiwe moja hufichwa na mengine. Wapo wanaoviona visiwa baharini, wapo wanaomwona chui milia akivusha watoto wake mtoni, na aliyeitengeneza hakuacha maelezo yoyote. Kwangu mimi uzito uko kwenye ile changarawe. Mistari yake huchorwa kwa reki, mvua na majani yakaivuruga, kisha ikachorwa upya, kwa kuwa katika mapokeo ya Zen, tawi la dini ya Kibuddha, kufagia na kupalilia ni ibada sawa na kuketi na kutafakari. Tangu karne ya 11, kitabu cha Sakuteiki kilimwagiza mtengeneza bustani afuate vile jiwe lenyewe linavyotaka. Agizo hilo humtaka mtu atazame kwa muda mrefu kabla ya kugusa chochote.

Hata yale yaliyojileta yenyewe hudai matunzo. Kuvumwani inayofunika ardhi ya hekalu la Saiho-ji, pia la Kyoto, ule ukijani laini uotao penye unyevu, haikuwamo katika mpango wa mtawa wa Zen Muso Soseki alipolifufua hekalu hilo mwaka 1339; ilienea baadaye sana, nao waliorithi bustani wakaona heri kuilea kuliko kuing'oa.

Lakini ninachokipenda zaidi kiko katika bustani ya Kenroku-en, mjini Kanazawa. Kila mwaka kuanzia Novemba 1, watunzaji husimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari na kuteremsha kamba kutoka kileleni hadi kwenye kila tawi, ili theluji nzito ya pwani ile isiyavunje. Majira ya baridi yakiisha, kamba zote hufunguliwa.

Ndiyo maana sishawishiki na hoteli inayonunua taa ya mawe, ikamwaga kokoto uani na kuiita bustani ya Kijapani, ilhali haijaajiri hata mtu mmoja wa kuihudumia.