Machu Picchu kwa Gharama ya Magoti

Mimi ni mtu wa kubana matumizi, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo. Nilizaliwa Moshi, ambako mtoto huanza kuhesabu chenji kabla hajajua kusema shikamoo, na kwa miaka 52 nimeishi nikiamini kwamba bei inayotajwa ni mwanzo wa mazungumzo tu. Kwa hiyo mke wangu alipoamua kwamba miaka 25 ya ndoa yetu itaadhimishwa Peru, kwenye Machu Picchu, magofu ya Wainka, watu wa kale wa huko, aliyoyatazama kwenye kalenda ya jikoni tangu tukiwa wachumba, nilikubali kwa sharti moja, kwamba mipango yote ya usafiri iwe mikononi mwangu. Leo ninaandika haya miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi.

Naomba nianze na malalamiko yangu kuhusu jiografia. Mtu mwenye akili timamu akiambiwa kwamba anakwenda kuona mji uliojengwa mlimani, hutarajia kupanda. Machu Picchu iko mita 2,430 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini Cusco, mji ambao wasafiri wengi huanzia, uko kwenye mita 3,400, yaani unakwenda mlimani kwa kuteremka karibu kilomita nzima. Nilipofika Cusco nilimweleza mhudumu wa hoteli kwamba mimi ni mtoto wa Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, na kwamba mwinuko wao hauwezi kunibabaisha. Sikumweleza kwamba mlima huo nimeutazama nikiwa barazani tu. Baada ya muda wa saa 2 nilikuwa kitandani na viatu miguuni, kichwa kikitwanga kama kinu, na mhudumu yule yule akininywesha chai ya majani ya koka, mmea ule ule unaotoa kokeini, ambayo huko hunywewa hadharani kama mchaichai, ingawa ukiyafungasha majani yake kurudi nayo nyumbani utakuwa na mengi ya kuwaeleza watu wa forodha.

Sasa tuje kwenye nauli. Barabara ya gari kutoka Cusco hadi Aguas Calientes, mji mdogo ulio chini ya magofu, haipo. Iliyopo ni reli. Waungwana hupanda treni pale Ollantaytambo, huketi kwenye viti vyenye meza, na kabla muda wa saa 2 haujatimia wamefika wakiwa na nywele zilizochanwa. Kwa huduma hiyo, mgeni hulipa zaidi ya dola 100 kwenda na kurudi. Nilipoiona bei nilinyamaza kwa muda mrefu, na mke wangu, ambaye ni mweka hazina wa kikoba chao na hunifahamu hata nikiwa kimya, akasema, “Baba watoto, umelipa ndege tatu kuvuka bahari. Ukila ng'ombe mzima usishindwe na mkia.” Nilimjibu kwamba nyumba hufilisika kwa mikia.

Tumaini langu lilikuwa treni ya wenyeji, kwa kuwa raia wa Peru hupita kwenye reli ile ile, kandokando ya mto ule ule, kwa soli 10, ambazo hazifiki hata dola 4. Nilipanga foleni kwa unyenyekevu mkubwa. Karani aliitazama pasi yangu, akanitazama mimi, akairudisha pasi kwa vidole viwili na kunionyesha dirisha la wageni. Nilipoanza kulalamika kuhusu ubaguzi, mke wangu alicheka hadi akakaa juu ya sanduku, kwa sababu alikumbuka jinsi nilivyopita kwenye lango la Tarangire nikipepea kitambulisho cha taifa kama bendera, nikalipa kwa shilingi, na kuwaambia Wajerumani wawili waliokuwa wakihesabu dola zao kwamba kila mti na mkulima wake.

Ningeweza kwenda kwa miguu moja kwa moja, na nilizipima njia hizo zote. Ile maarufu ya Wainka wenyewe ni ya siku 4 na kilomita 43 hivi, lakini serikali huruhusu watu 500 tu kwa siku, wakiwemo waongozaji na wapagazi, wale ambao kwetu tunawaita wagumu. Ni lazima upitie kampuni yenye leseni, vibali huisha miezi kadhaa kabla, na mwezi Februari njia hufungwa. Bei yake inaifanya treni ionekane kama sadaka. Njia ya Salkantay haina msongamano wa vibali, ila huchukua siku 5 na kuvuka penye mita zaidi ya 4,600, na mke wangu alipouliza vyoo viko wapi, mjadala ulifungwa. Nilimtajia pia Choquequirao, magofu mengine ya Wainka ambayo hayana reli wala basi, ambako mtu huteremka hadi mto Apurímac na kuukwea upande wa pili, siku 2 kwenda na siku 2 kurudi. Aliniambia kwa upole kwamba huko nitakwenda na mke mwingine.

Ikabaki njia ya Hidroeléctrica, ambayo ni kimbilio la wanafunzi wenye mikoba na la wanaume wa aina yangu. Unapanda gari dogo la abiria Cusco, unalizunguka bonde zima kwa nyuma, unashuka kwenye kituo cha kufulia umeme kwa maji, kisha unatembea. Kwenda na kurudi nililipa kiasi cha dola 30 kwa kila mmoja, na usiku huo nililala kwa furaha.

Furaha hiyo iliishia kwenye kiti. Nilipewa kile kilicho juu ya gurudumu, ambacho magoti hukaa usawa wa kidevu, na kwa muda wa saa 7 niliutazama ulimwengu katikati ya magoti yangu mawili. Gari lilipanda kwanza hadi Abra Málaga, penye mita 4,316, kwenye ukungu mzito kama uji wa mtama, kisha likaanza kuteremka kwa kona ambazo dereva alizikata kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na kazi ya kumenya chungwa. Baada ya Santa María lami ilituaga. Barabara ikawa kipande cha vumbi kilichobandikwa ubavuni mwa genge, na upande wangu wa dirisha hapakuwa na barabara kabisa, palikuwa na mto chini sana, mwembamba kama uzi wa cherehani. Kijana mmoja nyuma yetu alikuwa akisali kwa Kihispania. Mke wangu alitoa daftari lake akaandika jambo, akalirudisha kwenye mkoba.

Na tulipofika bondeni, karibu na Santa Teresa, nilichungulia nje nikaona migomba. Chini ya migomba kulikuwa na kahawa. Kando ya kahawa kulikuwa na miparachichi, na mama mmoja alikuwa akianika buni kwenye turubai mbele ya nyumba. Nilikuwa nimevuka bahari na nusu ya dunia kwa akiba ya miaka 6, nikatetemeka kwenye ukungu na kukaribia kutapika mara mbili, ili nioneshwe kihamba cha marehemu babu yangu.

Kutoka Hidroeléctrica hadi Aguas Calientes ni kilomita 10 hivi, kandokando ya reli, na wote waliopita huko husema kwamba ni tambarare. Sikatai. Tatizo langu ni mataruma, ambayo yamepangwa na mtu aliyeuchukia mguu wa binadamu, kwani ukikanyaga kila taruma unatembea kama bibi harusi, na ukiruka moja unapanua miguu kama mrukaji wa michezo ya shule, na ukishuka pembeni unakutana na kokoto zinazogeuka chini ya kisigino. Visubi walinila kwa utaratibu, kwanza vifundo vya miguu, kisha shingo. Mke wangu alinitangulia kama hatua 20, akiimba pambio. Treni fupi inayounganisha vituo hivyo viwili ilipiga honi nyuma yetu, tukasogea kwenye kokoto, na abiria waliokuwa dirishani wakatupungia mikono. Nilijifanya nautazama mto.

Kesho yake kulikuwa na basi la kupanda magofuni, dola 12 kwenda tu, kwa mwendo wa chini ya nusu saa. Nilisema ngazi zipo na ni za bure. Mke wangu alisema tutaonana juu. Saa 11 alfajiri nilikuwa darajani na tochi, na kwa saa 2 na zaidi nilipanda ngazi za mawe ambazo hazina mbili zenye kimo sawa, huku barabara ya basi ikinikatiza kila baada ya muda ili niweze kuhesabu mabasi yaliyonipita. La tisa lilikuwa lake. Alinipungia kwa leso.

Langoni nililipia choo soli 2, kwa kuwa ndani hakuna, na nikafikiria tikiti yangu ya soli 152. Hiram Bingham, mtafiti wa Kimarekani aliyeutangazia ulimwengu huu “mji uliopotea”, alipofika huko Julai 1911, mkulima wa hapo chini, Melchor Arteaga, alimpandisha kwa malipo ya soli 1, na juu akakuta familia za wakulima ambao hawakujua kwamba wamepotea. Soli 1! Ni kweli pesa ya wakati ule ilikuwa na uzito, lakini naomba nieleweke.

Kuhusu mji wenyewe sina la kulalamikia, na hilo liliniudhi. Mawe yaliyochongwa tangu karne ya 15, enzi za Pachacuti, mfalme wa Wainka, yameshikana bila chokaa hivi kwamba nilijaribu kupenyeza kadi ya benki katikati yake nikashindwa, hadi mlinzi akanipigia filimbi. Mke wangu alisimama pale pale ilipopigwa picha ya kalenda yake, akanyamaza karibu robo saa, kisha akanishika mkono kwa sababu aliona kwamba goti la kushoto limegoma.

Hatukutembea kurudi Hidroeléctrica. Alikwenda dirishani mwenyewe akanunua tikiti za treni ile fupi, zaidi ya dola 30 kwa kila mmoja kwa safari isiyofika saa 1, akaketi, akafungua daftari na kunionyesha jumla: kwa mipango yangu tulikuwa tumeokoa dola 41 kila mmoja, kabla ya dawa ya kuchua na bandeji. Nilimwuliza kama amehesabu chai ya koka. Hakunijibu. Treni ilipiga honi, na nje ya dirisha mwanamume wa makamo mwenye mkoba mgongoni akasogea kwenye kokoto, huku akimwambia jambo mwanamke aliyemtangulia. Nilimpungia mkono. Akautazama mto.