"Bwana kanionyesha": ndoto, maono na Biblia iliyobaki imefungwa

Kuna dada tulikuwa tunasali naye ibada ya nyumba kwa nyumba, keshaposwa, barua imejibiwa na mahari nusu imelipwa. Ijumaa moja kwenye kesha, kama saa nane usiku hivi, mama mmoja mwombaji akamshika mkono mbele yetu wote akamwambia binti yangu, Bwana kanionyesha nyoka kajiviringisha kwenye shela lako, huyo sio mume wako. Tukasema amina, na mimi nilisema amina. Hakuna aliyeuliza hata swali moja, na haikupita wiki mbili uchumba ukavunjika.

Nimeishi na hilo jambo muda mrefu kwa sababu yule mama namfahamu, sio tapeli, hachukui hela ya mtu, ni mtu wa kufunga na kuomba kweli kweli. Ndo maana sikubaliani na wanaomaliza huu mjadala kirahisi. Wapo wanaosema Neno linatosha, mambo ya ndoto yaliisha na mitume, na wapo wanaokujibu palepale kwamba "andiko huua, bali roho huhuisha" kwa hiyo acha kumzuia Mungu na aya zako. Nimekaa pande zote mbili kwa nyakati tofauti na naona kila upande una kitu umekiruka.

Nianze na wa Neno linatosha. Petro alikuwa Yafa juu ya dari, saa sita mchana, ana njaa, akaona shuka inashushwa na wanyama ndani yake na sauti ikamwambia chinja ule. Sasa ukiangalia vizuri, mwenye andiko siku ile ni Petro! Walawi 11, inayokataza kula wanyama najisi, ipo upande wake kabisa, ndo maana akakataa, "Hasha, Bwana". Ikabidi irudiwe mara tatu. Angeshikilia aya yake akashuka kula chakula cha mchana, nyumba ya Kornelio, yule akida wa Kirumi wa Kaisaria asiye Myahudi, isingesikia Injili. Kwa hiyo mtu akiniambia uzoefu wa kiroho hauna kazi yoyote kwenye maisha ya Mkristo huwa namrudisha kwenye dari ile.

Ila watu wa maono nao hawamalizii hiyo stori. Petro hakwenda Kaisaria peke yake, alibeba ndugu sita. Aliporudi Yerusalemu wakambana, kwa nini umeingia kwa wasiotahiriwa ukala nao, na yeye mtume mkubwa hakusema msimguse mtiwa mafuta, alikaa akawaeleza kwa taratibu tangu mwanzo. Jambo lilipoibuka tena kwenye baraza la Matendo 15 Yakobo akasimama akasoma Amosi, akaonyesha kwamba manabii walishasema mataifa watamtafuta Bwana. Maono yakapita kwa mashahidi, kwa maswali, mpaka kwenye kitabu. Hiyo safari ndefu ndo sisi hatuitaki, tunataka tukitoka kwenye dari tu watu watii.

Hata uamsho wetu wa Afrika Mashariki ulianza hivyo hivyo. Watu wanakumbuka machozi, ndoto na toba za hadharani, Tukutendereza inaimbwa mpaka asubuhi, lakini mwaka 1929 pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, walikaa siku mbili na Biblia wakifuatilia aya moja baada ya nyingine juu ya Roho Mtakatifu. Moto wenyewe uliwaka kwenye kurasa. Na haki itendeke kwa upande wa pili pia, maana mwaka 1941 chuo cha teolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho, akiwemo William Nagenda, baada ya mvutano juu ya sala zao za alfajiri na mahubiri yao. Waliowafukuza walikuwa wasomi wa Maandiko. Kuwa na Biblia kabatini na cheti ukutani hakujamfanya mtu aijue sauti ya Mungu.

Sasa tuje kwenye yanayouma. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile alisema Mungu kamwonyesha mti wa dawa, kikombe kimoja shilingi 500, kisukari, Ukimwi, kansa, vyote. Magari yakapanga foleni ya kilomita na kilomita porini na wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni. Tulibishana sana kama ndoto ile ilitoka kwa Mungu au la, lakini Biblia ilikuwa na kipimo chepesi zaidi ya hapo. Yesu aliwaambia wale wakoma kumi, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani", yaani nendeni mkakaguliwe na wanaohusika kwa mujibu wa torati. Bwana mwenyewe hakuogopa wagonjwa wake wapimwe! Kwa hiyo mtu anayekwambia amepona kwa ufunuo, usirudi tena hospitali kupima wala usiguse dawa zako, huyo hajaenda mbali na sayansi tu, kaenda mbali na Luka 17.

Halafu msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, 2023, kwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na watoto wamo, watu walifunga mpaka kufa wakiamini wanakwenda kukutana na Yesu. Hapa ndo wa Neno linatosha huwa nawaomba tutulie kidogo, kwa sababu kufunga kupo kwenye Biblia na kumngoja Bwana kupo. Aya peke yake mdomoni mwa mtu mmoja asiyeulizwa haitoshi kutulinda. Paulo aliliona hilo mapema, aliwaambia Wakorintho manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue". Wengine! Mimi nasimama upande wa Maandiko kuwa juu ya ndoto yoyote, yangu ikiwemo, ila Maandiko yaliyofunguliwa mbele ya watu wenye ruhusa ya kuuliza.

Nikirudi kwa yule dada, siku hizi nasoma sana Matendo 21. Nabii Agabo alichukua mshipi wa Paulo akajifunga miguu na mikono, akasema ndivyo Wayahudi watakavyomfunga mwenyewe huko Yerusalemu. Watu wakalia wakamsihi asiende. Ujumbe ulikuwa wa kweli, Paulo alifungwa, lakini "usiende" haikutoka kinywani mwa Agabo alipofungua unabii, ilikuja baadaye kwa upendo na hofu ya waliosikia, na Paulo akaenda. Naamini yule mama aliona nyoka. Nyoka anaweza kuwa onyo waombe zaidi, anaweza kuwa uchovu wa saa nane usiku, sijui. Ila "huyo sio mume wako" hakuionyeshwa, na nilipomwuliza miaka mitatu baadaye alikaa kimya kwanza, kisha akasema kweli mwanangu, hiyo niliiongeza mimi.

Bado tunasali pamoja. Mtu akisimama kusema Bwana kanionyesha, mama yule ndo wa kwanza kuuliza: umeona nini hasa, na kipi umeongezea?